Debe la Iyunga Lenye Tundu

Mwaka 1975 sabuni yetu ilianza kuchubua watu mikono.

Siku hizo nilikuwa nakata miche ya sabuni kiwandani Ipogolo, pale chini kabla barabara haijapanda kwenda Iringa mjini. Kiwanda kilikuwa cha kampuni ya umma ya Njiwa, yenye viwanda viwili tu: chetu, na kingine Iyunga, Mbeya. Tulikuwa wanawake wanne mezani. Sabuni ikishaganda kwenye fremu za mbao tulikuwa tunaipasua kwa waya mwembamba wenye vishikio vya mti, huyu anavuta huku, yule kule, halafu kila mche unapigwa muhuri wa njiwa mwenye jani mdomoni. Mpishi wa sufuria kubwa alikuwa mume wangu, Ambrosi.

Sufuria hiyo ilikuwa ya chuma, imenizidi urefu, imejengewa tanuri la matofali chini yake. Ndani yanaingia mawese ya Kyela, maji, na kostiki. Kostiki ndiyo dawa kali inayoyageuza mafuta yawe sabuni, nayo ikikudondokea inakula mpaka nyama. Mzee Marcelino, aliyemfundisha Ambrosi kazi kabla ya kufariki, alimwachia kipimo kimoja tu: madebe sita yenye kilemba. Kilemba ni ule mlima wa juu ya debe, kama tunavyopimiana mahindi kwetu. Mtu akikuuzia debe la mahindi lililokwanguliwa sawa na mdomo, humrudii tena. Utasema ni mchoyo, na watoto wake watachekwa.

Basi kipimo kilikuwa hicho, nacho kilifanya kazi miaka minane. Kujua kama sabuni imeiva, Ambrosi alichota kidogo kwa mwiko, akapoza, akagusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, kostiki imezidi. Ikilala kimya, mafuta yamezidi. Ikinyanyua ulimi kidogo kama ndimu ya jana, hapo sawa.

Mwezi wa pili tulifungua mapipa mapya ya kostiki, ya rangi ya bluu. Ya zamani ilikuwa magamba meupe kama ya samaki. Hii mpya ilikuwa chenga, punje ndogondogo za mviringo. Ambrosi aliishika kwa glovu, akaimwaga, akaishika tena. "Safi," akasema. "Haina vumbi."

Sabuni ya kwanza ilipotoka, mimi ndiye niliyeiona kwanza kwa sababu nilikuwa na waya mkononi. Mche ulikuwa unavunjika kama jibini ya Wazungu wa misheni, na juu umetoa jasho. Tuliilaumu mvua, tukaiuza hivyohivyo. Baada ya siku kumi ikaanza kurudi. Mama mmoja wa Kihesa alileta kanga yake imetoboka mahali ilipopakwa sabuni. Akina mama wanaofulia wagonjwa walikuja watatu, wakaweka mikono yao juu ya meza yetu. Ngozi ya vidole ilikuwa imetoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

Ya pili ikawa mbaya zaidi.

Jumamosi likaitishwa baraza. Meneja wetu, Bwana Anania, alikuwa mtu wa kalamu tatu mfukoni na sauti ya kanisani. Alisimama na karatasi.

"Ijumaa tarehe ishirini na moja wageni wa makao makuu wanatoka Dar," akasema. "Watakuta sufuria ya tatu. Ikiharibika na hiyo, mimi sina la kusema tena, jina la mpishi nitalipeleka polisi. Kwa siku hizi, ndugu zangu, kuharibu mali ya umma mara tatu hakuitwi bahati mbaya. Kunaitwa hujuma."

Ambrosi alikuwa amekaa mbele, kofia magotini. Akasema, "Bwana Meneja, nipimie basi wewe, nione nakosea wapi."

"Mpishi ni nani, mimi au wewe?"

Nyuma kuna mtu alicheka. Mpaka leo namkumbuka ni nani, ila alishafariki, nimwache.

Tangu siku hiyo mume wangu aliacha kula. Nilidhani ni uchungu, na ulikuwepo. Lakini jioni ileile nilimpa uji, akaniuliza kama nimetia chumvi, na chumvi nilikuwa nimeizidisha mpaka mtoto wetu Selestini ameukataa. Nikamwambia afungue kinywa. Ulimi ulikuwa mweupe na laini kama umekwanguliwa kwa kisu. Alikuwa ameionja sabuni ile asubuhi na jioni, majuma matano, akitafuta kosa.

"Baba Selestini, huu ulimi haujui kitu tena."

"Unajua," akasema. Akageukia ukutani.

Sisi Wahehe tunataniwa na makabila yote kwa jambo moja: kwamba mwanamume wetu akiaibishwa hadharani, haendi mbali, anatafuta kamba. Wanatania, na sisi tunacheka. Lakini nilikuwa na mjomba wangu, tulimkuta mtini. Kwa hiyo Jumapili nilipomwona Ambrosi amesimama kwenye kibanda cha mbuzi, hafanyi kitu, amesimama tu, sikumwuliza. Nilisubiri aondoke, nikamfungua mbuzi, nikaitia kamba kwenye kikapu changu.

Jumanne alfajiri nikapanda lori la kampuni kwenda Iyunga.

Dereva alikuwa Bujiku, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao upande wa Rujewa. Kila juma alikuwa akipita Iyunga, akashuka mpaka Kyela kuchukua mawese, akarudi nayo kwetu. Alikuwa mtani wa kila mtu.

"Shemeji, unamkimbia mume?" akaniuliza tulipopita Mafinga. "Kama unamkimbia, mimi nina ng'ombe arobaini Rujewa, niambie mapema nipunguze mwendo."

"Hao ng'ombe wako ni wa baba yako."

"Baba amezeeka, shemeji. Subira."

Siku nyingine ningecheka. Alipoona nimekibana kikapu kifuani, akaacha utani mpaka Makambako. Pale alininunulia hindi la kuchoma, tukashuka kwenda nyanda za Usangu, joto likaingia, na ng'ombe wakawa wanavuka barabara bila haraka. Ndipo nikamweleza. Nilitaka kumwona mpishi wa Iyunga, nimwulize wao wanapikaje.

"Asukile? Yule ni mtu mzuri," akasema Bujiku. "Lakini hasemi. Pale hakuna anayesema. Wana ile bendera ya washindi wa uzalishaji, wanaifua kila Jumamosi."

Tulifika saa tisa. Asukile alikuwa mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gamboti. Alinipokea kwa adabu yote ya Kinyakyusa, akainama kidogo, akaniletea kiti. Nilipotaja sabuni, uso ukafunga.

"Sisi huku, mama, hatuna tatizo. Hatujawahi kupata tatizo."

"Hata kostiki ya chenga ilipokuja?"

"Hata hapo."

"Mume wangu Ijumaa atapelekwa polisi, baba."

"Pole sana, mama. Mungu ni mwema." Akarudi ndani.

Usiku huo nililala kwa mama mmoja wa kanisa. Jumatano Bujiku alikwenda Kyela, nami nikarudi langoni. Nilikaa juu ya tofali tangu saa moja asubuhi, kikapu magotini. Mlinzi alinifukuza mara moja, mara ya pili akanipa maji. Wafanyakazi waliingia, wakatoka kula ndizi zao, wakarudi. Kila Asukile alipopita uani alinitazama na kutazama pembeni. Mimi sina elimu, darasa la nne tu, lakini kungoja nakujua. Nimengoja mahindi miaka ya jua, nimengoja watoto wanne. Saa nane na nusu akaja mwenyewe.

"Mama, utaugua kwa jua hili. Una nini humo ndani unachokilinda hivyo?"

Nikafungua kikapu. "Kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya mbuzi. Nimeona afadhali mbuzi apotee."

Aliishika kamba ile, akaigeuza mkononi. Wanyakyusa nao wanatutania utani ule wa kamba, anaujua. Halafu akasema, "Njoo."

Alinipitisha nyuma ya sufuria yao. Kwenye msumari kulikuwa na debe, limetobolewa tundu ubavuni, la kupenya kidole kidogo, vidole vinne chini ya mdomo. Akavaa glovu, akalijaza kostiki ya chenga. Ilipofika kwenye tundu, ikaanza kuchuruzika, sss, kama ulezi kwenye gunia lililotoboka. Aliacha ichuruzike mpaka ikasimama yenyewe. Akanitazama.

Nami nikaona. Nimeuza ulezi wa pombe sokoni Iringa tangu nikiwa msichana. Debe la pumba mtoto analibeba. Debe la ulezi linamlaza chali. Debe ni lilelile. Magamba yale ya zamani yalikuwa yanaegemeana, katikati yao kuna hewa, na kilemba chake kilikuwa hewa juu ya hewa. Chenga hazina nafasi, zinashikana. Madebe sita ya mume wangu yalikuwa yamegeuka nane, na yeye anayatia kwa ukarimu, na kilemba juu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Nilikaa chini kwa sababu debe lile nilikuwa nalijua. Mwezi wa nane mwaka uliotangulia, Bujiku alishuka kwenye lori akatusimulia mbele ya stoo: "Wanyakyusa wa Iyunga wamezidi uchoyo, jamani! Wamelitoboa debe ubavuni ili lisijae!" Tulicheka, watu ishirini. Ambrosi alicheka mpaka akapangusa machozi. "Debe lisilo na kilemba," akasema, "lina njaa ya mwenyewe."

"Kwa nini hamkutuandikia?" nikamwuliza Asukile.

"Barua zote zinapitia makao makuu. Sabuni ya sufuria mbili iliyoharibika tuliifukia pale nyuma ya choo, mama, watu sita, tukapanda migomba juu. Ripoti ikasema: dosari ndogo ya kostiki imerekebishwa. Basi. Nakala ililetwa kwenu, hamkuisoma?"

"Kwetu anayesoma ni meneja."

"Basi alisoma." Akalitundika debe. "Nikitajwa mimi, watafukua. Nina watoto saba."

Nikamwapia kwa marehemu mama yangu kwamba sitamtaja. Leo namtaja kwa sababu hayupo, na watoto wake wameruhusu.

Nilipokuwa naondoka akanikimbilia langoni. "Ukikuta wameshaimwaga kostiki sufuriani, dawa ni mawese. Ongeza kidogokidogo na uonje. Lakini iwe bado motoni. Ikishaingia kwenye fremu, imekufa."

Alhamisi tuliondoka Iyunga giza halijaisha, lori limejaa mapipa ya mawese, na Bujiku hakutania hata mara moja. Nilijiambia tuna siku nzima, sufuria inawashwa Ijumaa. Saa saba mchana tuliposhuka Ipogolo niliuona moshi.

Bwana Anania alikuwa ameamuru iwashwe siku moja mapema ili wageni waikute sabuni imeshaganda. Nilikimbia na kanga ikaanguka, sikuirudia. Ambrosi alikuwa juu ya jukwaa na mwiko wake mrefu, macho mekundu.

"Umetia mangapi?"

"Sita. Nikaongeza nusu." Sauti yake ilikuwa kama ya mgonjwa. "Nimeonja, haina ukali kabisa, Mama Selestini. Imelala."

"Iliyolala ni ulimi wako!"

Nilimnyang'anya mwiko. Nikapoza, nikagusa. Ilikuwa kama nyuki amenipiga, nikaona mwanga. Nikamweleza kwa maneno matatu: chenga, ulezi, kilemba. Hakubisha. Aliliangalia debe lake, akaangalia sufuria, akaanza kutafuta pa kukaa.

"Usikae," nikamwambia. "Mawese yako kwenye lori."

Mawese hayashuki bila hati, na hati haisainiwi ila na meneja, naye alikuwa amepanda mjini kuandaa mapokezi ya wageni. Esta, karani wa stoo, alipiga simu mara tatu. Hayupo. Ametoka. Hayupo.

"Mama Selestini, mimi nikitoa pipa bila sahihi nafukuzwa leo," Esta akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Nina mama mgonjwa."

"Hujatoa wewe," Ambrosi akasema nyuma yetu. Alikuwa ameshateremka. "Andika kwamba nimeiba. Ambrosi, mpishi, pipa moja. Andika na saa."

Akaliviringisha yeye na Bujiku. Tulimimina kwa kopo, taratibu, nami nikawa naonja. Kopo, koroga, onja. Iliuma. Kopo, koroga, onja. Midomo yangu ikavimba. Pipa la kwanza likaisha na bado inauma. Esta akaandika: la pili. Karibu na saa kumi na moja, nusu ya pipa la pili imeingia, nikagusa na ulimi wangu ukanyanyuka kidogo tu, kama kwa ndimu ya jana. Nilionja tena, sikuamini. Ambrosi alikuwa ananitazama mdomo kama mtoto anavyomtazama mama anayepakua.

"Toa moto," nikasema.

Ijumaa sabuni ilikatika kama siagi. Wageni walinawa, wakasifu povu, mmoja akaomba miche miwili ya nyumbani. Bwana Anania aliwaeleza kuhusu nidhamu ya kazi. Polisi hawakuitwa. Jioni nilimfunga mbuzi kwa kamba yake, baada ya kuomba radhi kwa jirani ambaye maharage yake yalikuwa yameliwa mistari minne.

Jumatatu Ambrosi alipewa barua. Amefukuzwa kazi kwa kuchukua mali ya kampuni, pipa moja na nusu ya mawese, bila sahihi. Nilikwenda ofisini na midomo yangu ikiwa bado imebabuka.

"Bwana Meneja, umemfukuza aliyeiponya sufuria."

"Mama, mimi nafuata utaratibu. Na hayo mambo ya chenga, nani alikufundisha?"

"Ulezi."

Alinitazama sana. Nadhani hapo aliukumbuka ule mstari kwenye faili, kwa sababu alianza kuzipanga kalamu zake. Nikamwomba jambo moja: aandike kwenye ripoti kuhusu debe, kwa maneno mengi, ili mtu mwingine ajue. Akasema ataandika. Esta ndiye aliyeipiga chapa. Aliniambia iliandikwa hivi: dosari ndogo ya kostiki imerekebishwa.

Kabla sijaondoka kiwandani, maana mwezi ule niliacha na mimi, nilichukua msumari wa inchi nne na nyundo nikalitoboa debe letu mwenyewe, vidole vinne chini ya mdomo. Na ukutani juu yake nikaandika kwa mkaa, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: KOSTIKI YA CHENGA MWISHO TUNDU. USITIE KILEMBA. Mkaa ule ulidumu mpaka walipopaka chokaa kwa ajili ya mbio za Mwenge.

Tulirudi kulima. Ladha ya chumvi ilimrudia Ambrosi baada ya miezi saba. Ya sukari haikurudi.

Mwaka 1978, mwezi wa tano, tulikuwa mlangoni tunapukuchua mahindi. Alikuja mwanamke kijana, simjui, amejifunga kanga ya msiba ingawa hakuna aliyekufa. Akasema anaitwa Roza, mume wake ni Crispin, mpishi mpya wa kiwandani. Akasema wameambiwa hapa anakaa mtu anayeijua kazi ile. Akanionyesha mikono. Sikuhitaji kuiangalia.

"Sufuria mbili zimeharibika, mama. Kesho kutwa wanapika ya tatu. Wanasema mume wangu ni mhujumu."

"Debe," nikamwuliza. "Lina tundu?"

"Lilikuwa nalo. Meneja aliyekuja mwaka jana aliona ni bovu, akamwita fundi bati akaliziba kwa risasi ya kulehemu."

Punje za mahindi zilikuwa zimenijaa mkononi. Niliziweka chini. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya ulezi na magamba na migomba ya Iyunga, lakini lililotoka lilikuwa lingine.

"Nyumbani kwenu kuna kamba?"

Alinitazama bila kuelewa. Ambrosi alielewa. Aliinuka, maganda yakamwanguka magotini, akaingia ndani. Nilimsikia anavuta sanduku la vyombo chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa ameshika nyundo na msumari, na hakungoja hata nimtafutie kofia yake.